Sauti ya Alto Kabla ya Sabato Kuingia

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa hili: nikiinasa sauti ya mama yule akiimba peke yake, ikatoka safi bila doa, nitakuwa nimemnasa yeye kweli? Nilijiuliza hivyo nikiwa kitandani kwangu Homa Bay, nikajiuliza tena nikioga, na nilipoteremka Migori Ijumaa asubuhi na sanduku langu la vyombo sikuwa na jibu. Shahada ya fizikia haikunisaidia. Kila jibu nililopata lilizaa maswali mengine.

Mama huyo aliimba alto, sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya ya kanisa la Wasabato lililokuwa kando ya barabara ya kwenda mpakani. Shingoni alikuwa na uvimbe ulioanza kumbana pumzi. Jumatatu angepasuliwa, na daktari hakuwa amewaficha: kisu kingepita karibu sana na mshipa wa sauti. Angeweza kuamka akinong'ona, na abaki hivyo. Ndiyo maana binti yake, aliyeuza nguo Oyugis, alikuja katika duka letu la kurekodi.

"Nataka sauti ya mama," aliniambia. "Si ya kwaya. Kwaya nitaisikia kila Sabato."

Siku ilikuwa hiyo moja. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na hakuna mwanakwaya ambaye angekubali kurudiarudia wimbo mbele ya mashine. Jumapili mama angesafiri kwenda hospitali.

Nilikuwa nimebeba maikrofoni moja kubwa ya waya, na kifaa kingine kilichokuwa kipya dukani: kipaza sauti kidogo kama punje ya njugu, cha kubana kwenye ukosi, kinachorusha sauti hewani hadi kwenye kinasa sauti. Hicho ndicho nilichokiamini. Nilimweka mama katika chumba kidogo nyuma ya mimbari, nikaegemeza magodoro ukutani ili kuua mwangwi, nikaacha mlango wazi kidogo asikie kwaya kutoka kanisani. Wao wangeimba kumsindikiza tu. Ningemrekodi yeye peke yake.

Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Katika wa pili, sauti ya mwanamume ikaingia kwenye kinasa sauti, kavu, yenye mikwaruzo: "Hao ng'ombe wamevuka? Ova."

Niliporudisha kanda wakasikia, kanisa zima liliangua kicheko.

"Yawa!" alisema mwimbaji mmoja wa besi, fundi baiskeli mwenye kifua kama pipa. "Hata polisi wa Ntimaru, kule mpakani, wamejiunga na kwaya. Injinia, huyo umemweka sauti gani?"

Mimi sikucheka. Nilihamisha antena dirishani ili isishike tena redio ya polisi, nikaihamishia juu ya kabati, nikabadilisha betri ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Nikapima tena. Nikapima tena. Kila nilipoinua kichwa, mwanga wa jua ulikuwa umesogea juu ya mabenchi, na kila mara mama alimeza mate taratibu, mkono shingoni, akiniuliza kwa macho kama aanze.

Alasiri nilipata sauti niliyoitaka. Hakuna polisi, hakuna lori, hakuna mwangwi. Nikamvisha hedfoni binti yake, aliyekuwa ameketi nasi tangu asubuhi.

Alisikiliza hadi mwisho, uso umekunjamana. "Ni yeye," alisema. "Lakini mbona kama anatafuta kitu?"

Nikaweka hedfoni sikio moja, nikamwomba mwalimu wa kwaya waimbe tena. Sikio lililobaki nililielekeza mlangoni. Hapo nikaogopa kweli. Kwaya ile haikuwa na kinanda. Mwalimu alitoa do, noti ya kuanzia, kwa mdomo, wakaanza. Ubeti hadi ubeti, wote pamoja, sauti zao zilikuwa zikishuka kidogo kidogo bila wao kujua. Mama, aliyefungiwa na magodoro yangu, aliwasikia kwa mbali tu, akabaki juu. Kufikia ubeti wa mwisho alikuwa ameachwa, na akaanza kukaza koo kuwatafuta. Koo hilo hilo.

Nilisimamisha kanda.

"Umechoka, mama?"

"Sijachoka, nyathina, mwanangu. Ila alto peke yake ni wimbo gani? Hata jikoni naimba soprano, sauti ya kwanza."

"Mrekodi tena humu humu," binti aliniambia haraka. "Ilikuwa safi. Atajaribu kuwasikia vizuri zaidi."

"Jua, Injinia," yule wa besi aliita kutoka kanisani. "Hilo halina swichi."

Nilisimama katikati ya mlango. Nikimrudisha kwenye kwaya, malori yangeingia, kuku wa jirani wangeingia, sauti yake ingechanganyika na za wengine, na binti angerudi Oyugis na kitu ambacho hakukiomba. Nikimwacha chumbani, ningempa mama anayepotea, kwa usafi kabisa. Na koo lake lisingevumilia majaribio mengine mengi. Nilihesabu hatari za kila upande hadi nikajikuta nimezihesabu mara mbili na mwalimu ananitazama.

Nikanyoosha mkono nikabandua kile kipaza sauti kwenye ukosi wake.

"Dada," nilimwambia binti, "sitamrekodi peke yake. Akiwa peke yake si yeye. Utamsikia ndani ya wenzake, lakini nitamweka mbele kabisa, na utamjua. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

Binti alimshika mama mkono, akampeleka kanisani mwenyewe.

Niliwapanga nusu duara, mama hatua moja mbele ya wenzake wa alto, nikafunga maikrofoni ya waya kwenye mpini wa mwavuli na kuining'iniza usawa wa paji la uso wake. Lori lilipita likipiga honi. Sikungoja lipotee. Mwalimu akatoa do, nami nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, kanda ikaanza kuzunguka.