Mbaazi ya Ugonjwa

Juzi ilikuwa siku ya wazazi shuleni, hapa Mlolongo, na mwalimu akampa kila mwanafunzi mbaazi kumi: hizo ndizo mshahara, haya, panga bajeti ya nyumba. Binti yangu akaanza vizuri. Kodi, unga, maji ya mtungi, nauli ya baba. Zikaisha.

"Na mtu akigonjeka?" mwalimu akauliza.

"Kwetu hakuna kugonjeka, mwalimu. Mama alikataza mpaka mwaka uishe."

Wazazi wakacheka. Mzee mmoja akajipiga paja: "Huyo mama aje atufundishe!"

Nami nikacheka, huku nikimtingisha mdogo wake niliyembeba mgongoni asikohoe, maana joto lake lilikuwa linapenya leso hadi kwenye ngozi yangu, na nilikuwa nimejiambia ni meno tu, ni meno tu. Akakohoa. Kicheko kikakatika.

Binti akanitazama, akatoa mbaazi moja kwenye fungu la unga, akaiweka kando. "Mwalimu, nimepanga upya."

Nilikimbia kliniki bila kuaga. Mtoto ana dawa sasa, namshukuru Mungu. Lakini ninyi mnaojua bajeti, niambieni: ile mbaazi ya unga inarudishwaje?