Pedi ya Dada Ndeshi

Nyie wenzangu mliokulia Arusha wakati mwezi wa saba ulikuwa mwezi wa saba kweli, baridi la kutoa moshi mdomoni na Meru haionekani wiki nzima, mnajua ninachosema. Likizo ile hukuwa na pa kwenda. Sisi tulijifungia sebuleni kwetu Elerai, blanketi mabegani, tukicheza gemu la mpira wa kikapu ambalo mjomba alituletea likiwa limeshatumika na watu wengine. TV ilikuwa ya chogo. Pedi, zile za kushika mkononi zenye vitufe vya kuchezea, zilikuwa mbili, na moja waya wake ulizungushiwa mkanda mweusi wa fundi umeme. Ukiukunja vibaya, mchezaji wako anasimama wima kama anasikiliza wimbo wa taifa.

Mama alikuwa akiuza mitumba Ngaramtoni, na siku za soko alituachia neno moja mlangoni: "Mkiniunguzia makande, mtakula hilo gemu." Makande yalikuwa kazi ya dada Ndeshi, mtoto wa kwanza. Gemu lilikuwa mali ya kaka Godi, wa pili, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Mimi kitindamimba kazi yangu ilikuwa kufungwa. Ndeshi akiomba zamu, Godi alimjibu bila hata kugeuka: "Dada, hii pedi siyo mwiko."

Ilimuuma, jamani. Shuleni alikuwa anacheza netiboli, tena katikati, timu nzima inamtegemea. Akirudi nyumbani ni mtazamaji, anachungulia kutoka mlango wa jikoni.

Siku moja akaingia sebuleni anajifuta mikono kwenye kitenge. "Godi, tucheze. Nikikufunga, hiyo pedi ya mkanda ni yangu moja kwa moja, na makande utakoroga wewe. Ukinifunga, sitaomba tena maisha yangu yote." Godi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua Ndeshi: akisema sitaomba tena, haombi.

Godi alikuwa na mtindo mmoja tu. Akipata mpira anabana kitufe cha mbio hakiachii, anakimbia nao mwenyewe toka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, na sisi tulidhani huo ndio ufundi. Miguuni kwa mchezaji kulikuwa na kamstari ka pumzi. Ukibana sana kile kitufe, kanaisha. Basi jamaa anafika chini ya kikapu hoi, anarusha, mpira unagonga chuma. Wala hatukujiuliza kwa nini.

Mwanzoni Ndeshi alifungwa hadi nikamwonea huruma. Kitufe cha mbio hakukijua kilipo. Akaniuliza, "Cha kutoa pasi ni kipi?" Nikamwonyesha. Godi akafoka, "Usimfundishe wewe!" Alikuwa amechelewa, aisee.

Mnajua netiboli ilivyo. Ukishika mpira hukimbii nao. Unautoa upesi kabla refa hajapuliza. Vidole vya Ndeshi havikujua namna nyingine. Godi akikosa, Ndeshi anaudaka mpira unaodondoka, anatazama nani ametangulia, pa! kwa wa pembeni. Wa pembeni, pa! kwa wa mbele. Wa mbele anauweka kikapuni peke yake, kwa raha zake, pumzi imejaa, na wachezaji wa Godi ndio kwanza wanageuka. Mara ya kwanza Godi akasema bahati. Mara ya tano akasogea karibu na TV. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kochi, na makande yameanza kunukia vibaya, na hakuna aliyethubutu kwenda jikoni.

Wakafungana sawa, zimebaki sekunde chache. Godi akapita na mpira wake, mbio zote, akarusha, ukagonga chuma. Ndeshi akaudaka. Wachezaji wa Godi wote walikuwa wamerundikana chini ya kikapu kile kile. Akajisemea kwa sauti ndogo, "Mbele kuna nani?" Kulikuwa na mchezaji wake mmoja, kule mwisho kabisa. Pasi moja ndefu. Weee! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Godi alikoroga makande likizo nzima, na nakiri alikoroga vizuri. Pedi ya mkanda ikawa ya Ndeshi, na hakuna aliyeigusa bila kumwomba. Mimi akanifundisha: "Acha kukimbia na mpira kama umeuiba. Tazama mbele kuna nani." Sijaona mchezaji kama yule hadi leo, na wala simsifii kwa sababu ni dada yangu. Sawa, kidogo.

Leo mwanangu Baraka anacheza gemu la namna ile ile kwenye skrini pana kama mlango. Pedi anazo mbili, hazina waya. Ya pili inakaa kabatini hadi chaji inakufa, maana yeye anacheza kwenye mtandao na watu asiowajua, spika masikioni, akifungwa anaguna peke yake. Hawa watoto wetu wana kila kitu isipokuwa mtu wa kusimama juu ya kochi.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa naongea na Ndeshi, anaishi Mbeya siku hizi, simu iko sauti ya juu. Akasikia Baraka anaguna. "Anacheza kikapu? Mwambie aache kukimbia na mpira. Mbele kuna nani?" Baraka akatoa spika sikio moja. Akatoa pasi. Mpira ukaingia. Akatoa na ya sikio la pili.

"Shikamoo shangazi! Umejuaje na huoni?"

"Marahaba. Nakuja Krismasi, nitakuonyesha. Ila pedi moja ni yangu."

Simu ikakatika, Baraka akarudi kwa watu wake wa mtandaoni, nami nikadhani yameishia hapo. Kesho yake asubuhi, nikitafuta chaji ya simu yangu, nikaikuta imeshikwa. Ile pedi ya pili ilikuwa imechomekwa ukutani, na miezi mitatu mizima bado kufika Krismasi.