Nafuu ya Baba

Kila nikipita pale Ngoingwa vijana wanapocheza pool, nikisikia mipira ikigongana, ulimi wangu huenda wenyewe kwenye pengo la jino. Lilinitoka nikiwa na miaka kumi na miwili, na usidhani lilikuwa jino la utotoni. Kaa nikueleze.

Baba alikuwa nyapara katika shamba la kahawa nje ya Thika, miaka ile ya Hali ya Hatari. Bwana wa shamba alipohama alimwachia meza yake ya mipira, ikawekwa ghalani kati ya magunia, palipokuwa na harufu ya kahawa mbichi na mikojo ya panya. Hakuna mwanamume aliyekuja kucheza naye, kwani kazini aliwachapa wote. Basi akanifundisha mimi.

Mchezo wenyewe aliutoa vitani Burma, kwa askari weusi wa Kiamerika. Meza ilikuwa na mashimo sita, lakini kila mchezaji alikuwa na shimo moja tu lake, kwenye pembe ya upande wa mbali. Mpira ulioingia kwenye shimo lako ulikuwa wako. Ulioingia katika yale manne yasiyo na mwenyewe ulitolewa, ukarudishwa mezani kwenye alama nyeusi. Na ukikosea, tuseme mpira mweupe ukatumbukia, ulitoa mmoja katika ile uliyokwisha kupata, nao ukarudi kwenye alama. Mipira ilikuwa kumi na mitano; wa kwanza kupata minane ndiye mshindi. Ila kwa kuwa nilikuwa mtoto, Baba alinipa nafuu: yeye atafute kumi na miwili, mimi minne.

Mezani Baba alikuwa mwadilifu kuliko padri. Akikosea hakungoja kuambiwa, alitoa mpira wake akauweka kwenye alama, akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nyumbani mkono uleule ulimpiga Mama. Alimpiga kwa mshipi wa jeshi, kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya kunyamaza. Nimemwona akimburuta kwa nywele mpaka kwenye banda la mbuzi. Mimi hakunigusa. Nilibeba jina la mama yake, Wairimu, kwa hiyo aliniita maitu, yaani mama yangu, hata akiwa na hasira. Nani ampige mamake?

Jumapili moja Mama hakwenda kanisani kwa sababu jicho lilikuwa limefumba kabisa. Tulipoingia ghalani nikamwambia Baba, "Leo nikishinda, usimpige Mama wiki hii."

Alicheka hadi akakohoa. "Haiya! Maitu ameleta kesi. Sawa. Ukishinda simgusi mpaka Jumapili ingine."

"Na nisiposhinda?"

"Basi hakuna kitu imebadilika."

Nilishinda. Na ajabu ni kwamba alitimiza neno lake. Wiki nzima Mama alitembea nyumbani kwa wasiwasi, akishtuka kila mlango ukifunguka.

Jumapili iliyofuata akanipunguzia nafuu: yeye kumi na mmoja, mimi mitano. "Ukishinda unapunguziwa," alisema. "Ndio mchezo." Nikashinda tena, akapunguza tena. Wiki moja nilishindwa, na jioni hiyohiyo alimvunja Mama kidole. Tangu hapo kila nikitoka shule nilikimbilia ghalani kufanya mazoezi peke yangu, nikaijua meza ile kuliko sala ya Baba Yetu. Nilimchukia, na nilikuwa nimeamua kwamba nitaendelea kumshinda mpaka azeeke.

Aliyenishangaza ni Mama. Jumamosi moja alikuwa akinisuka, kidole kimefungwa kitambaa. Akaniambia polepole, "Wairimu, kesho ushindwe."

"Kwa nini?"

"Shindwa tu, mwana wakwa. Mimi nimemzoea."

Nilikasirika sana. Niliona ni woga, au mazoea ya kupigwa yamemwingia kichwani. Naye akaendelea kusuka.

Kesho yake nafuu ilikuwa imekwisha. Tulicheza sawa kwa sawa, minane kwa minane, na Baba hakucheka hata mara moja. Tulifika saba kwa saba, mpira mmoja umebaki. Ilikuwa zamu yake. Akapiga kwa nguvu, mpira ukakataa shimo lake, na ule mweupe ukazunguka ukatumbukia pembeni. Alisimama akiutazama. Kisha akatoa mpira mmoja katika saba yake, akauweka kwenye alama mwenyewe. Kutoka pale ulikuwa umeelekea shimo langu. Sikukosa.

"Umeshinda," akasema. Akaegemeza fimbo yake ya kuchezea ukutani taratibu. "Hakuna nafuu tena. Sasa wewe ni mwanamke."

Hakuniita maitu. Alinipiga ngumi ya mdomo, nikajigonga kwenye mguu wa meza, na nilipokuwa chini akanipiga teke la mbavu, na lingine. Niliona jino langu sakafuni katikati ya damu na punje za kahawa. Ndipo mlango ukafunguka. Mama alichukua ile fimbo ukutani, akaigeuza upande mnene, akampiga Baba shingoni, akampiga mgongoni, akampiga mpaka fimbo ikavunjika naye akalala kifudifudi akikoroma. Mama, ambaye hakuwahi hata kuinua mkono kujikinga.

Tulifuata reli kwa miguu, bila kibali cha kusafiri, hadi Gitothua kule Ruiru kwa nyanya yangu, mamake Mama. Hatukurudi tena.

Miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba nilimlinda Mama. Baba alitimiza hata neno la mwisho. Wiki ile hakumgusa. Ilinibidi nizae binti yangu ndipo nielewe. Mama hakuwahi kushika fimbo ya mchezo, lakini hesabu aliijua. Aliona kila ushindi ukiniondolea kitu kilichonikinga, na aliona kinakwisha Jumapili gani. Alichoniomba ni nibaki mtoto wiki moja zaidi, na malipo yake alikuwa tayari kuyalipa kwa mbavu zake.