Hukumu Niliyoitoa Ziba

Jumanne, tarehe 13 Agosti 2024, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amekaa kibarazani, nyumbani kwetu Chemchem, mjini Tabora, akisubiri uji upoe. Niliingia ndani kuchukua kijiko. Nilipotoka alikuwa ameshakwenda. Hospitali walisema ni moyo. Sikuuliza zaidi.

Michezo ya Olimpiki ilikuwa imemalizika Jumapili, siku mbili kabla. Nalitaja hili kwa sababu kilichotokea kaburini kilitokana na Olimpiki, na ndugu wa mume wangu mpaka leo wanasema nilimwaibisha marehemu siku ya kumzika. Niliulizwa swali moja mbele ya watu, nikalijibu. Naandika jinsi ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni ya Tabora kwa miaka mingi, mpaka goti lilipokataa. Baada ya hapo alikaa nyumbani. Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda Gongoni, Mzaramo. Alikuja Tabora akiwa kijana kumtembelea dada yake, akaoa, akabaki. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, watu wa huku walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwa miguu kwenda pwani na kupita katika vijiji vya Wazaramo. Kwa hiyo hawa wawili hawakuwahi kuamkiana kama watu wengine.

"Mbeba mizigo, hujafa tu?" fundi alikuwa akisema, hata viatu hajavua.

"Nife, dunia nimwachie nani? Wewe mla nazi?"

"Babu zako walikuja kwetu wamechoka, tukawapa maji. Wakatuachia chawa."

"Na nyie mlikuwa mmekaa barabarani mnangoja kupewa kitu. Mpaka leo mmekaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Kisha mimi nilileta kahawa.

Kila Olimpiki ilipofika, mume wangu aliitoa TV yetu ndogo kibarazani kupitia dirishani, waya ukapita juu ya kitanda, na fundi akaja alasiri baada ya kufunga kibanda. Hawakubishana nani atashinda. Wetu walikuwa wachache, na muda mwingi tuliwaangalia watu wa mbali wakifanya mambo ambayo hatukujua hata yanaitwaje. Ubishi wao ulikuwa juu ya mchezo gani unastahili kuwepo pale na upi uondolewe. Kwa siku zote za Michezo walikuwa kama watu wawili waliopewa kazi ya kuipanga upya.

Nakumbuka siku ya farasi. Farasi alikuwa akitembea upande upande, anainua miguu kama anakanyaga tope, na mtu aliye juu amevaa kofia na koti refu.

"Atapewa medali huyo," fundi alisema.

"Wampe farasi. Huyo wa juu kafanya nini? Kavaa tu."

"Kavaa vizuri lakini. Lile koti lina fundi wake, mtani. Tazama bega lilivyokaa."

Walipotokea vijana wanaocheza kwa kuzunguka juu ya kichwa, fundi alisimama kabisa. "Hii ngoma. Tangu lini ngoma ikawa na mshindi?"

"Waulize Wasukuma kama ngoma haina mshindi."

"Mimi msimamo wangu mmoja. Saa na kamba ya kupimia. Kitu kinachohitaji watu watano wakae mezani waandike maksi, kitoke."

"Na suruali zako wateja wanazipima kwa saa?"

Kuhusu wale wa kutembea haraka, wote wawili walikubaliana kwamba wanatembea kama choo kiko mbali, lakini mume wangu alisema wabaki, kwa sababu kutembea ni jambo la heshima. Hapo fundi alijua kinachofuata. Hata mimi nilijua.

Mume wangu alitaka mbio za mzigo. Alikuwa ameziwazia kila kitu. Mzigo wa kilo thelathini, kichwani au begani. Ngata inaruhusiwa. Kutoka alfajiri mpaka jua la utosini. Ukiutua chini umetoka. Alisema babu wa babu yake alifika pwani mara tatu na kurudi, na kama kungekuwa na medali wakati ule, zingejaa Unyamwezi.

"Hiyo ni kazi," fundi alisema. "Ukiingiza kazi, ingiza na cherehani. Mita mia za pindo."

"Wanarusha mkuki. Mkuki haukuwa kazi? Wanapiga makasia. Wanapiga mishale. Hivyo vyote vilikuwa kazi za watu. Kwa nini mzigo tu ndio ukatazwe mlangoni?"

Fundi hakujibu kwa utani siku hiyo. Aliweka kikombe chini. "Kwa sababu mkuki walishauacha, ndiyo maana wanaurusha. Hakuna anayengojewa nyumbani na nyama. Lakini sasa hivi, tunavyoongea, hapo stesheni kuna mtu ana gunia begani, na akilitua leo watoto wake hawali. Siku watu wote watakapoacha kubeba, mtani, lete mzigo wako Olimpiki. Mimi mwenyewe nitawashonea jezi."

Mume wangu akaita, "Jaji!"

Jaji nilikuwa mimi. Nilikaa pale pembeni nikichambua karanga au maharage, na kila waliposhindwana waliniita nitoe hukumu. Mimi nilisema, "Kesi imeahirishwa." Wote wawili walicheka na kahawa ikaendelea. Ilikuwa hivyo Olimpiki tatu.

Ukweli ni kwamba hukumu nilikuwa nayo tangu ya kwanza. Kabla bomba halijafika kwetu, nilichota maji kisimani kwa miaka mingi, asubuhi na jioni. Nimebeba kuni, nimebeba mkaa, nimebeba karanga kutoka shamba. Shingo yangu mpaka leo haigeuki vizuri upande wa kushoto. Mume wangu alibeba mizigo ya watu stesheni. Nyumbani sikumbuki kumwona na ndoo kichwani. Sisemi kwa ubaya. Alikuwa mtu mwema na hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Lakini nilipokuwa chini ya ndoo sikuwahi kutamani mtu asimame kando ya njia anipigie makofi. Nilitamani mtu anitue.

Hilo sikumwambia. Nilimwacha na mbio zake.

Ndugu zake walisema azikwe kwao Ziba, tukaenda. Fundi alifunga kibanda, akapanda gari pamoja nasi, akakaa nyuma karibu na jeneza. Njia nzima hakufanya utani. Utani wa msibani una mahali pake, na mahali pake ni pale watu walipo wengi.

Alhamisi, siku ya kuzika, fundi alianza utani tangu asubuhi. Alivaa koti la stesheni la mume wangu, akachechemea kwa goti lile lile, akawaamuru wapishi wampe nyama kwanza kwa sababu yeye ndiye marehemu na ana safari. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa upande wa pili wa khanga. Mtani anaruhusiwa. Anaweza kulala mlangoni maiti isitoke. Anaweza kuingia kaburini na kugoma, mpaka apewe kuku au ashindwe kwa maneno, ndipo anatoka na watu wanazika. Nimeyaona haya tangu nikiwa mtoto. Siku ile nilisikia vicheko, nikajua kwamba mambo yanachekesha, lakini havikunifikia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya wifi yangu na shangazi mmoja. Nilikuwa nahesabu vifungo vya gauni langu. Vilikuwa sita.

Jeneza lilipofika kaburini, fundi alitangulia. Akaruka ndani. Udongo wa Ziba ni mweusi na unanata, koti lote likachafuka.

"Hazikwi mtu hapa," alisema kutoka shimoni. "Huyu nina kesi naye."

Kaka mkubwa wa mume wangu alimwambia, "Chukua kuku wako utoke, mla nazi. Mchungaji ana ibada nyingine."

"Kuku nitamla, usiwe na wasiwasi. Kesi je?" Akawageukia watu. "Jamani, huyu ndugu yenu alitaka watu wabebe magunia huko Ulaya wapewe dhahabu. Nikamwambia hapana. Tumebishana miaka minane. Na jaji yupo, anakula mshahara wa bure, hatoi hukumu. Yule pale mwenye kitenge cha bluu!"

Watu wote waligeuka. Walikuwa wanatabasamu.

"Mheshimiwa Jaji, leo mwenzangu anasafiri. Hakuna kuahirisha. Sema mbele ya umma huu, nani mshindi?"

Wifi alinigusa kiwiko. "Sema kaka," alininong'oneza. "Sema kaka ameshinda."

Nilisimama. Ningependa kuandika kwamba niliwaza sana, lakini sikuwaza. Nilisikia swali, na jibu lilikuwepo.

"Fundi ameshinda," nilisema. "Mzigo haufai Olimpiki wakati watu bado wanaubeba. Marehemu alikosea."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa amesimama shimoni, kichwa tu kinaonekana na mabega ya koti.

"Jaji," alisema polepole, "hebu angalia tena."

"Nimeangalia."

Mchungaji alikohoa. Fundi alinyoosha mkono, vijana wawili wakamvuta juu. Aliondoka pale bila kutazama watu. Kuku wake alifungwa miguu akawekwa kwenye gari, lakini fundi alimwacha. Tukazika. Nilitupa udongo wangu kama wengine.

Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo, wifi aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kinyamwezi, ili wageni wa mjini wasisikie. Mtani anaingia kaburini ili ashindwe. Ndiyo kazi aliyojia. Ningesema kaka ameshinda, mtani angetoka na aibu yake, watu wangecheka, na kaka angekwenda akiwa mshindi. "Ilikuwa neno moja tu," alisema. "Sasa umemzika kaka yetu ameshindwa."

"Nilijua desturi," nilimjibu.

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini aliponiuliza nilisikia kama ananiuliza kweli."

Aliendelea kusugua sufuria. Hakusema neno tena usiku ule wala siku zilizofuata, na matanga yalipokwisha kaka mkubwa aliniaga akiwa ameshika baiskeli, bila kuiegesha.

Nilirudi Chemchem. Fundi hakuja. Nilipokwenda sokoni Gongoni nilimwona kibandani kwake ameinama kwenye cherehani, nikapita. Sijui kama aliniona. Wakati huo sikuwa na huzuni ile ambayo watu wanaitarajia. Nilifagia, nilipika kidogo, nililala. Watu wakija kunipa pole niliwashukuru. Mwanangu alipiga simu kutoka Mwanza kila Jumapili akaniuliza kama nimelia, nikamwambia bado.

Ijumaa moja mwezi wa Oktoba fundi alikuja, akiwa ametoka msikitini, amevaa kanzu yake. Alivua viatu, akasema, "Hodi, shemeji." Alikuwa hajawahi kupiga hodi nyumbani kwetu. Nikamkaribisha, akakaa kwenye benchi. Nikaleta kahawa.

"Ule ushindi nimekuja kuurudisha," alisema.

"Haurudishwi."

"Shemeji, nilishajiandaa mle ndani. Ungesema kashinda yeye, ningelia kilio cha uongo, ningegaragara kidogo, nitoke. Nilikuwa na maneno kabisa. Ukaniacha nimesimama na jeneza la mwenzangu linanichungulia."

"Pole."

"Ungejua nitadhalilika vile, ungesema vingine?"

Nilifikiri, kwa sababu aliuliza taratibu. "Hapana," nilisema.

Alitikisa kichwa. Alikunywa kahawa yote. Kisha akasema, "Rufaa inaruhusiwa?"

"Nani anakata?"

"Yeye. Mimi nimesimama badala yake."

Akasimama kweli, pale kibarazani, akaanza kutetea mbio za mzigo. Alisema mkuki ulikuwa kazi, makasia yalikuwa kazi, mishale ilikuwa kazi. Alisema kilo thelathini, alfajiri mpaka jua la utosini. Lakini alikuwa amezoea kupinga, na alipofika katikati alikwama.

"Hapa yeye angesemaje?"

"Angesema farasi anapewa medali kwa kumbeba mtu mmoja mwenye kofia," nilimwambia, "na mtu akibeba gunia hapewi."

"Enhe. Farasi." Akaendelea na farasi. Akakwama tena. "Na babu yake?"

"Babu wa babu. Mara tatu, kwenda na kurudi."

"Mara tatu, kwenda na kurudi," akawaambia watu ambao hawakuwepo.

Tulikwenda hivyo mpaka hoja zikaisha, yeye akisema na mimi nikimkumbusha. Nyingine alikuwa hazijui, kwa sababu mume wangu alinieleza mimi peke yangu tukiwa tumelala. Nilizitoa zote. Sikuficha hata moja. Mwishoni alifuta uso kwa mkono wa kanzu, akanitazama.

"Jaji?"

"Hukumu ni ile ile," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Akakiingiza kikombe ndani mwenyewe, akatoka, akavaa viatu, akaenda zake Gongoni.