Kobe Wawili, Wake Wenza wa Mama

Enzi za Mwingereza, baba yangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja pale Njombe. Alipeleka viazi na ngano Makambako, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na majembe. Safari moja alirudi na kobe wawili aliowaokota barabarani ng'ambo ya Makambako, kule njia inakoteremkia kwenye joto. Walikuwa wadogo kama mkate. Mama alidhani ni mchezo wa wiki moja. Nilipofikia umri wa kuposwa, kila kobe alikuwa mkubwa kama karai la kufulia, na sikuweza kumwinua peke yangu.

Mimi sikuwapenda wala sikuwachukia. Kobe unamtazama kidogo, kisha unaendelea na kazi zako. Ila walikula. Baba alizungushia bustani mianzi. Wao wakaisukuma taratibu, bila hasira, tangu asubuhi, na kufikia jioni uzio umelala chini. Njegere walikula, figili walikula. Kabichi hawakuimaliza hata moja. Walimega hii, wakamega ile, wakapita juu ya zilizobaki na uzito wao wote, na hilo ndilo lililomkera mama kuliko yote.

"Si bora wangekula moja wakaimaliza?" alikuwa akisema. "Hawa hawana njaa, hawa wana dharau!"

Mwezi wa saba, baridi ya kwetu ikishika sawasawa, walijikunja ndani ya magamba, na baba akawahamishia jikoni karibu na mafiga. Mama akawa anapika huku anawaruka. Baba naye, akirudi safari, aliwapitia wao kwanza. "Kamwene," aliwaambia, salamu yetu Wabena, akawakwaruza magamba kwa kidole, ndipo akaingia ndani kumwamkia mkewe.

"Mimi nimefunga ndoa kanisani, mke mmoja mume mmoja," mama aliwaambia wenzake kisimani. "Lakini mwenzenu nina wake wenza wawili, tena wenye magamba." Wanawake walicheka mpaka wakamwaga maji. Yeye hakucheka.

Kwao mama, upande wa Lupembe, binti hakwenda kwa mumewe bila mbegu za boga la ukoo wao. Kila mama humkabidhi bintiye siku ya harusi, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, naye huzipanda mwaka wake wa kwanza kwenye ardhi ya ugenini. Haziuzwi, na haziombwi kwa jirani. Boga lenyewe lilikuwa na shingo iliyopinda, kijani lenye michirizi myeupe, na nyama kavu, tamu. Bibi alikuwa ameshafariki. Dada zake mama walizaa wavulana watupu na mbegu zikawapotea. Zilizobaki zilikuwa za mama, na binti alikuwa na mmoja tu, mimi.

Mwaka nilioposwa, kobe walikula miche, wakala maua, na lilisalia boga moja tu. Mama alilitunza darini miezi yote ya kiangazi. Mvua zilipokaribia, Jumapili asubuhi, alilipasua uani ili atoe mbegu. Kengele ya pili ya kanisa ikalia naye hajamaliza. Akalifunika kwa ungo, juu yake akaweka jiwe, tukaenda kusali.

Tuliporudi ungo ulikuwa kifudifudi huko na jiwe huku. Kobe wamekaa katikati ya uani, midomo imeloa rangi ya njano. Hapakubaki hata mbegu moja.

Mama aliketi kizingitini na nguo zake za kanisani, akalia kama siku aliyofiwa na mama yake. Nililia naye, na siku ile niliwachukia wanyama wale kwa moyo wangu wote. Baba aliporudi safari, mama alimwambia neno moja tu: "Chagua."

Kesho yake baba aliwapakia kwenye lori, juu ya magunia ya viazi, akawapeleka Makambako kwa shangazi, dada yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akirudi safari na kusimama kidogo penye uzio mtupu kabla ya kuingia ndani. Mama alimwona.

Harusi yangu ilikuwa mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Mama alishona, akapika, akapokea wageni, lakini kitambaa cha mbegu hakukitaja. Siku moja kabla ya harusi, shangazi alifika na lori la baba, kuku kwapani, na kikapu cha vyakula kichwani. Alipokitua, mama alikiangalia, akaacha mwiko ndani ya chungu.

"Wifi, boga hili umelitoa wapi?"

"Hilo? Wala sikupanda, wifi yangu. Yameota yenyewe pale zizini kwa kobe, penye mavi yao. Yamejaa! Nikasema nikuletee, ni matamu."

Shingo ilikuwa imepinda. Michirizi ilikuwa myeupe. Mama alilipakata mapajani kama mtoto, akalipapasa, machozi yakimtoka huku anacheka. Baba alikuwa nje, ameinamia gurudumu la lori ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Mama alilipasua palepale, akaosha mbegu, akaanza kuzianika. "Mama mkwe wako asijue zimepitia wapi," aliniambia.

Kisha akakusanya maganda na utumbo wa boga kwenye sufuria, akatoka nao hadi kwenye lori, akamsukumia baba mikononi.

"Haya," alisema. "Wapelekee wake wenza wangu. Uwaambie kamwene."