Filamu Yangu ya Kijerumani Imerekodiwa Kupamba

Leo nimempandishia sauti shangazi yangu, na wallahi sijutii.

Mwaikumbuka ile filamu bubu ya Kijerumani niliyoagiza kwa posta? Kanda ya wakusanyaji, boksi gumu, kijitabu cha picha ndani. Miezi minne naingojea. Nilikuwa hata sijaitazama.

Asubuhi nafungua boksi. Tupu!

Nikamuuliza shangazi, maana naishi kwake hapa Ganjoni.

"Ah, ile mbovu? Niliitia kwenye video, watu weupe kama maiti, wafungua midomo na sauti haitoki. Juzi kwenye kupamba kwa Salma, wanawake tumejaa kumtazama bi harusi alivyopambwa, mpiga video aliishiwa na kanda, nikampa hiyo."

Mbovu! Filamu iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa!

Nikamwambia kanda ile ina kitundu cha kuzuia isirikodiwe. Akacheka.

"Tulikiziba kwa selotepu."

Basi nikaomba niitazame, nijue angalau kimesalia nini. Hapo akakasirika yeye. Yeye, jamani!

"Huna haya? Wanawake wa watu wamevua mabuibui humo, nawe mwanamume wataka kuwaangalia?"

Nani mkosa hapa? Semeni nyinyi.

Kanda imefungiwa kabatini. Kisha dada yangu eti ananipoza: bi harusi akishatoka, filamu yangu yaendelea mpaka mwisho. Jana wanawake wa nyumba nzima wameutazama huo mwisho, na shangazi akalia.

Mwenye kanda ndiye pekee asiyeruhusiwa kuuona.