Makosa mawili, mshale mmoja katikati

Jamani, leo nimepiga shabaha katikati kabisa, tena kwa kukosea!

Kaka yangu Athmani hufundisha wageni kutumia upinde katika hoteli moja huko Manda. Jumamosi nashindana naye, kwa hiyo leo nimekwenda kwake kuchagua kifaa cha kulengea, kile kinachofungwa kwenye upinde.

Cha betri hupima umbali chenyewe.
Mishale yangu yote ikaanguka chini. (Wageni wakajifanya hawaoni.)

Cha kawaida kina vijiti vya rangi, kila kimoja cha umbali wake, na umbali wakadiria mwenyewe kwa macho.
Nikakadiria mbali mno.
Pa! Katikati.

Athmani akacheka hadi akakaa mchangani.
"Dada, mkono wako washusha upinde, nawe umelenga juu ukidhani shabaha iko mbali. Makosa yako yamesaidiana!"

Sasa nishaurini: nichukue kinachosema kweli, au kinachokosea pamoja nami?